Njia Isiyo na Hodi

Hawby, 14 Machi 2017

Wifi Connie,

Natumaini nyonga yako inaendelea vizuri na kwamba mwanao Graham hakulishi vyakula vya kopo. Nakuandikia jioni hii hii kwa sababu nikisubiri kesho hasira itapoa, nami sitaki ipoe.

Leo tulishuka kwenye basi nambari 19 pale Cray Cross, saa nne na dakika kumi, watu kumi na mmoja, kama kila Jumanne. Geti la Low Birk limefungwa kwa kufuli jipya lenye ukubwa wa ngumi. Juu yake pana bango: "Mali ya binafsi. Hakuna njia." Unaijua njia ile kuliko ukumbi wa nyumba yako. Kaka yangu Wilfred, mumeo, Mungu amrehemu, aliiandika mwaka 1991 katika kijitabu chake cha matembezi kwa basi: shuka kituoni, pita getini, fuata ukuta wa mawe mkono wa kushoto, vuka malisho matatu hadi mtoni, kisha panda mlima. Tangu mwaka huo hapakuwa na aliyetuzuia.

Derek Pobjoy alilitikisa kufuli kama mtu anayejaribu jino bovu. "Bibi Thwaite," akasema, "nimepeleka barua katika bonde hili miaka thelathini na minne. Nimeumwa na mbwa, nimepigwa teke na punda. Lakini kuambiwa hakuna njia nami nimesimama juu ya njia, hili jipya."

Mwenye kufuli akaja. Ni Bwana Lionel Garside, aliyenunua shamba baada ya mzee Kettlewell kufariki. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mwezi wa Machi.

"Mama, kwa nini msipandie mlima kule juu, kwenye maegesho ya magari? Mandhari ni yale yale."

"Bwana, kwenye maegesho ya magari hufika magari."

"Kwani kati yenu nyote hamna hata gari moja?"

"Tuna basi."

Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Ilitubidi tufuate barabara kuu, maili mbili zisizo na pembeni pa kuweka mguu, malori ya mawe yakitupeperusha kofia. Bi. Sutcliffe aliingia mtaroni mpaka magotini. Jambo hilo halitarudiwa. Kwa hiyo, bila njia ya Low Birk, anayeshuka Cray Cross anashuka mahali pasipo pa kwenda, na matembezi yetu yamekwisha.

Lakini sheria ipo. Watu wakipita mahali kwa miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila ruhusa ya mwenye ardhi, mahali hapo huwa njia ya umma. Bila ruhusa, Connie. Anayepita kwa ruhusa ni mgeni tu, na mgeni huweza kuambiwa aondoke. Wenye ardhi wajanja hufunga geti siku moja kila mwaka ili kuivunja hesabu hiyo. Mzee Kettlewell hakufunga hata siku moja.

Fomu ya ushahidi imo humu. Wewe ulitembea nasi tangu mwanzo hadi ulipohamia kwa Graham miaka miwili iliyopita, kwa hiyo ushahidi wako ni mrefu kuliko wa wengi. Jaza kwa wino mweusi, uirudishe wiki hii.

Wifi yako,
Hilda Thwaite


Saltby, 2 Aprili 2017

Wifi yangu Hilda,

Barua yako ilifika nikiwa natoa mikate kwenye oveni, nikaisoma nimesimama, mkate mmoja ukaungua. Hiyo ni juu yako.

Nyonga ni nzuri. Graham ni mzuri. Bahari ipo pale pale, kijivu, haina la kusema. Sijazoea kuona mahali pasipo na ukuta wa mawe. Jicho linakwenda tu, halina pa kuegemea.

Nimesikitika kuhusu geti. Kweli nimesikitika. Lakini wifi, hivi ni lazima tuanze na vita? Pengine ukienda mlangoni kwake na kitu kidogo mkononi, ukamsemesha vizuri, atafungua. Watu wengi hufungua wakisemeshwa vizuri. Mzee Kettlewell alikuwa na sura ya mawe, lakini moyoni hakuwa mtu mbaya.

Fomu nimeiweka mahali salama. Ina maswali mengi. Nitaijaza nikitulia.

Wako,
Connie

Msalimie Derek. Mwambie punda yule alikuwa na haki.


Low Birk, 19 Aprili 2017

Mpendwa Bi. Thwaite,

Nimefikiri sana tangu tulipoonana. Mimi na mke wangu tumehamia hapa kutafuta utulivu, si ugomvi, na tungependa kuishi vyema na majirani.

Kwa hiyo nina furaha kukupa ruhusa, wewe na kundi lako lisilozidi watu kumi na wawili, kupita katika ardhi yangu kila Jumanne kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, isipokuwa majira kondoo wanapozaa. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Tafadhali tia saini nakala ya barua hii chini na uirudishe, ili sote tujue tulipokubaliana.

Natumaini hili litakufurahisha.

Wako mwema,
Lionel Garside


Hawby, 21 Aprili 2017

Bwana Garside,

Nakurudishia ufunguo wako. Nakala sikuitia saini.

Sina shaka kwamba uliandika kwa nia njema, au kwamba aliyekushauri uandike hivyo alikuwa na nia yake. Kwa vyovyote vile, huwezi kunipa kilicho changu. Siku nitakapotia saini kwamba napita kwa ruhusa yako, nitakuwa nimekiri kwamba yeyote aliyepita hapo tangu mwaka 1991 alipita kwa hisani, na hisani yako inaweza kuisha siku yoyote utakayoamka vibaya.

Tena umesahau jambo moja. Umetupa ruhusa sisi kumi na wawili. Mtu wa kumi na tatu anayeshuka kwenye basi na kijitabu cha kaka yangu mkononi, ambaye hanijui wala hakujui, atapita wapi? Njia si ya Kundi la Jumanne. Ni yake.

Maombi yetu yamefika halmashauri leo asubuhi. Mpaka yaamuliwe hatutalivunja kufuli lako. Tutashuka Cray Cross kila Jumanne, tutasimama mbele ya geti lako dakika tano, kisha tutapanda basi la kurudi. Mvua haitatuzuia.

H. Thwaite


Hawby, 20 Novemba 2017

Wifi Connie,

Fomu yako ilifika baada ya miezi saba, na halmashauri imenirudishia kwa sababu haikukamilika. Umejibu mambo ambayo hukuulizwa, pamoja na historia ya kondoo aliyekula kofia ya Wilfred, na umeruka swali la tisa. Swali la tisa ndilo fomu yenyewe: "Je, uliwahi kuomba au kupewa ruhusa ya kupita?"

Nimelizungushia wino mwekundu. Andika jibu kisha utie saini.

Tumesimama getini Jumanne thelathini. Wiki iliyopita Derek alileta kiti cha kukunja. Dereva wa basi amezoea. Hutungoja bila kuombwa. Bwana Garside hutuchungulia dirishani, naye Derek humpungia mkono. "Maskini," husema, "amehamia shamba kutafuta utulivu, akatupata sisi."

Hilda


Saltby, 1 Desemba 2017

Wifi,

Swali la tisa: Hapana. Sikuomba, na hapana aliyenipa.

Nimeandika hivyo na nimetia saini. Hiyo ni kweli, Hilda. Nataka ujue kwamba ni kweli.

Mwaka huu sitapika keki za Krismasi. Mikono imechoka.

Connie


Hawby, 6 Juni 2019

Constance,

Unajua kwamba halmashauri ilikubali maombi yetu, kwamba Bwana Garside alipinga, na kwamba mkaguzi wa serikali atasikiliza shauri tarehe 9 Julai katika ukumbi wa kijiji. Leo imefika bahasha ya ushahidi wa upande wake. Nimeisoma mara moja tu. Imetosha.

Mzee Kettlewell aliacha kopo la biskuti katika kabati la jikoni. Ndani yake mna kadi ishirini na tatu za Krismasi, kuanzia mwaka 1992 hadi 2014, zote kwa mwandiko wako. Nanukuu ya mwaka 2006: "Asante sana kwa kuturuhusu kupita mwaka mwingine. Keki imetiwa brandi. Iache wiki moja kabla ya kuikata." Wakili wake ameweka alama ya njano kwenye neno "kuturuhusu" mara ishirini na tatu.

Miaka yote hiyo nilisimama getini pale nikiwaambia watu: pita, usiombe, usishukuru, ni yako. Nyuma ya mgongo wangu wifi yangu alikuwa akipeleka keki mlango wa jikoni. Umeubomoa ukuta kwa kijiko.

Na kadi ya mwaka 1998 ina saini ya Wilfred. Ya kaka yangu. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Mshauri wetu kutoka chama cha watembeaji anasema hali si nzuri. Anapendekeza nikuondoe katika orodha ya mashahidi, kwa sababu ukija utaulizwa, na ukiulizwa utajibu. Sijawahi kumtaka mtu yeyote aseme uongo, wala sitaanza na wewe. Nakutaka ukae huko huko Saltby. Fomu yako nitaiondoa.

H. Thwaite


Saltby, 10 Juni 2019

Hilda,

Huondoi kitu. Fomu ni yangu, saini ni yangu, na keki pia zilikuwa zangu.

Umeniandikia "Constance". Mama yangu aliniita hivyo nilipovunja sahani. Sasa nina miaka sabini na minane na sahani nimenunua mwenyewe.

Ndiyo, nilikuficha. Nilikuficha kwa sababu ungefanya hivi hivi unavyofanya sasa. Ulipouliza swali la tisa, nilikaa siku nne nikilitazama. Sikuomba ruhusa hata siku moja. Hakunipa ruhusa hata siku moja. Nilimshukuru tu! Ungetaka nipite kwenye shamba la mgane anayekula peke yake Krismasi, nipite na pua juu, nisimwachie hata keki? Wewe huwezi kupita mahali bila kushinda. Mimi naweza.

Kuhusu Wilfred. Hakutia saini bila kusoma. Alisoma, akacheka, akasema, "Mpelekee, lakini Hilda asijue, atatusimamisha kwenye kona kama watoto." Alikuogopa, wifi. Alikupenda na alikuogopa, na sote tuliishi hivyo bila shida.

Mshauri wenu amwambie mtu mwingine akae nyumbani. Tarehe 9 nakuja. Graham amesema atanileta kwa gari. Nimemwambia mtu anayekuja kutetea njia ya basi hashuki kwenye gari. Ni mabasi matatu. La kwanza linaondoka saa moja kasoro dakika tano.

Nakala ya nilichomwandikia mkaguzi imo humu. Kalamu yako nyekundu iache mezani. Yeye nimeshamtumia.

Connie


Saltby, 10 Juni 2019

Kwa Mkaguzi,
Shauri la njia ya Low Birk

Bwana,

Mimi ni Constance Thwaite, mjane. Ndimi niliyeandika kadi zile ishirini na tatu. Hakuna aliyenituma, na Bi. Hilda Thwaite hakuzijua. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana yeye asingeziruhusu.

Nasikia kwamba kwa kuwa nilimshukuru Bwana Kettlewell, inaonekana njia ilikuwa yake na mimi nilipita kwa hisani yake. Naomba nikueleze ninavyoishi.

Nikishuka kwenye basi namshukuru dereva. Kila mtu katika bonde lile humshukuru dereva, wakiwa ishirini basi mara ishirini, na hakuna hata mmoja aliyemwomba ruhusa ya kupanda. Nimemshukuru daktari aliyening'oa jino zima akaacha bovu. Huwa naishukuru mashine ya benki, nikiwa peke yangu. Mwaka jana sokoni mtu alinikanyaga mguu, na ndimi niliyemwomba radhi. Je, mguu ule ni wake?

Bwana, nchi hii watu wake ni hivi. Ikiwa kila tunachokishukuru si chetu, basi hakuna mtu kati ya bonde lile na baharini anayemiliki hata soksi zake.

Niliandika "kuturuhusu" kwa sababu ndilo neno linalokaa kwenye kadi. Nisingeweza kuandika "Heri ya Krismasi, tumepita tena na huwezi kutuzuia," ingawa wifi yangu angeweza.

Bwana Kettlewell hakuwahi kuniambia piteni, wala msipite. Alilizungumza jambo hili mara moja tu, majira ya baridi ya mwaka 2003. Alipokea keki mlangoni, akaitazama, akasema: "Mama, keki naipenda, lakini sijui unanishukuru nini. Mimi nafuga kondoo. Njia siifugi."

Nitakuja mwenyewe tarehe 9 Julai ili niulizwe. Nakushukuru mapema kwa kunisikiliza, na naomba shukrani hiyo nayo usiitie alama ya njano.

Constance Thwaite


Hawby, 12 Julai 2019

Wifi Connie,

Uliondoka kuwahi basi lako kabla sijapata nafasi ya kukusemesha, na huenda uliharakisha kwa makusudi.

Wakili wa Bwana Garside alipokuuliza, kwa sauti ile ya siagi, kama hukuona kwamba kadi ishirini na tatu ni maombi ishirini na matatu ya ruhusa, nawe ukamjibu, "Hapana, bwana, na asante kwa kuuliza," nilidhani paa la ukumbi litaondoka kwa vicheko. Hata mkaguzi alijificha nyuma ya karatasi. Wakili alikaa chini bila kumaliza orodha yake. Derek amekuwa akilirudia jibu hilo kwenye basi, kila siku kwa maneno tofauti, na nimelazimika kumsahihisha.

Haitoshi kusema kwamba ulijibu vyema. Nilikuandikia vibaya tarehe 6 Juni. Nilikasirika kwa sababu ya kadi, lakini zaidi kwa sababu ya saini ya mwaka 1998. Miaka yote nilidhani Wilfred alikuwa upande wangu wa geti. Sasa nimejua kwamba alikuwa akipita pande zote mbili, na kwamba niliwafanya watu wazima wawili wafiche keki kama watoto. Hilo si jambo la kujivunia.

Hata hivyo bado naona ulikosea. Mwenye haki haleti zawadi mlangoni. Huo ndio msimamo wangu na sitauacha, ila sitakuandikia tena "Constance".

Uamuzi hauna tarehe. Tunaendelea kusimama getini. Jumanne hii ilikuwa ya mia moja na kumi na tano.

Wifi yako,
Hilda


Hawby, 23 Oktoba 2019

Wifi Connie,

Uamuzi uliletwa juzi, Jumatatu, kwa posta ya asubuhi. Nanukuu aya moja tu, nyingine utazisoma mwenyewe: "Shukrani zinazotolewa baada ya tendo si ruhusa iliyotolewa kabla yake. Hakuna ushahidi kwamba Bwana Kettlewell alitoa ruhusa, na pana ushahidi, ambao naukubali, kwamba hakujiona kuwa na ruhusa ya kutoa." Njia ya Low Birk ni njia ya umma. Itachorwa katika ramani, na kufuli litaondolewa.

Hapakuwa na muda wa kukuandikia uje, kwa maana kesho yake ilikuwa Jumanne na nilikuwa sitaki kuiruhusu ipite bure. Unisamehe. Nakueleza ilivyokuwa.

Tulikuwa kumi na wanane. Watatu sijapata kuwaona maishani mwangu. Walishuka kutoka kiti cha nyuma, msichana na wazazi wake kutoka mjini, na sikuwauliza majina. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Geti lilikuwa wazi, na Bwana Garside alikuwa amesimama kando yake, amelishika kwa mkono mmoja kama bawabu wa hoteli. Viatu vyake sasa vina tope. Nampa haki yake: alitoka nje, hakujificha dirishani.

"Karibuni," akasema. "Piteni, piteni, msilowe."

Basi unawajua watu wetu. Derek akapita, "Asante." Bi. Sutcliffe akapita, "Asante sana, bwana." Hata wale watatu wa mjini wakasema asante, na baba yao akavua kofia. Watu kumi na saba, asante kumi na saba, kila moja ikiingia masikioni mwangu kama kokoto kiatuni.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaendelea kulishika geti. Alinitazama, akasubiri, nami niliona anasubiri nini.

Nilisimama nikafunga kifungo cha juu cha koti. Kisha nikamwambia, "Habari za asubuhi, Bwana Garside," kama ninavyomwambia mtu yeyote ninayekutana naye njiani.

"Njema, Bi. Thwaite," akasema.

Nikapita.

Hilda